Nimeweka amana ya gari la umeme ambalo bado halijatoka kiwandani. Niiamini tarehe waliyonipa?

"Habari Mhandisi. Mwaka jana niliweka amana ya gari jipya la umeme la kampuni changa. Hilo ndilo gari lao la kwanza. Waliahidi kuanza kukabidhi magari katikati ya mwaka huu, kisha wakasogeza mpaka robo ya mwisho. Namba yangu kwenye foleni ni elfu mbili na kitu, na nimechagua toleo la bei ya chini. Wametuonyesha video ya gari likikimbia kwenye theluji, na picha za kiwanda ambacho mashine bado zinafungwa. Umbali litakaokwenda kwa chaji moja wanasema ni makadirio. Sasa wameniandikia kwamba nikitoa malipo ya pili, ambayo hayarudishwi, bei yangu haitapanda. Mume wangu anasema nichukue hela zangu ninunue gari la kampuni kongwe, maana hao hawachelewi. Gari ninaloendesha limepata mnunuzi anayelitaka mwisho wa mwezi huu. Je, gari jipya litafika kwa wakati? Niuze la zamani?"

Dada yangu, nianze na jibu, sababu zitafuata. Kwa dalili ulizoniandikia, sitegemei gari lako likufikie mwaka huu. Kampuni inaweza kukabidhi magari machache kabla Desemba haijaisha, ikapiga picha na kutangaza kuwa imetimiza ahadi. Lako wewe, toleo la bei ya chini lenye namba elfu mbili na kitu, ningelihesabia mwakani, tena si mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo gari ulilonalo usiliuze, na malipo ya pili usiyatoe. Wahenga walishatuasa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Naelewa kwamba kinachokuumiza kichwa si tarehe peke yake. Mnunuzi anasubiri jibu, kampuni inakuharakisha na hayo malipo, na nyumbani mnabishana. Hebu irudie barua yao uisome polepole. Sidhani kama imeandikwa "utapokea gari lako". Barua za aina hii husema "tunatarajia kuanza kukabidhi". Hiyo ni tarehe ya gari la kwanza kutoka, na gari la kwanza mara nyingi huenda kwa mfanyakazi wa kampuni, au kwa mteja anayeishi jirani na kiwanda aliyechagua toleo la bei ya juu.

Tazama yaliyotokea kwa Tesla Model 3. Machi 2016 ilionyeshwa hadharani, na ndani ya wiki moja watu zaidi ya laki tatu wakawa wameweka amana ya dola 1,000 kila mmoja. Julai 2017 kampuni ikafanya sherehe na kukabidhi magari 30, mengi kwa wafanyakazi wake. Kwenye makaratasi, ahadi ilitimia. Lakini robo ile ya mwaka ilikuwa imepanga kuunda magari 1,500, yakatoka 260. Robo iliyofuata yakatoka 2,425, kisha 9,766, kisha 28,578. Lengo la magari 5,000 kwa wiki lililowekewa mwisho wa 2017 lilifikiwa mwisho wa Juni 2018. Na lile toleo la dola 35,000 lililowavuta watu wengi kwenye foleni? Lilifunguliwa kuagizwa Februari 2019. Wateja wa Uingereza, wanaoendesha kwa usukani wa kulia, walianza kupata yao Juni 2019.

Hapo unaona kwa nini namba ya foleni haina uzito unaoupa. Kampuni yenye uhaba wa betri huzitia kwanza kwenye gari lenye faida kubwa. Hupendelea pia kuunda aina moja au mbili tu mwanzoni, kwa sababu kila rangi, kila usukani wa upande wa pili na kila betri ya ukubwa tofauti ni mlango mwingine wa makosa. Mtu wa namba 9,000 aliyeagiza toleo la juu anaweza kukupita wewe wa 2,000, wala hakuna aliyekudhulumu. Ndivyo viwanda vinavyoanza kazi.

Kwa nini vinaanza polepole hivyo? Gari, ukihesabu mpaka skrubu, lina vipande kwa makumi ya maelfu, kutoka kwa wauzaji wa vipuri mamia. Ni sawa na basi ambalo haliruhusiwi kuondoka mpaka abiria wa mwisho apande: vipande vyote vikiwepo ukakosekana mpira mmoja wa mlango, gari halitoki. Kalibu za kukandamizia mabati ya bodi zina uzito wa tani, na kuzichonga huchukua miezi. Mlango ukigundulika unapiga kelele kwenye upepo, ukabadilishwa umbo kidogo, kalibu inarudi kwa fundi na wiki zinaondoka.

Kuna kisa kimoja cha Model 3 ambacho Elon Musk, bosi wa Tesla, mwenyewe amekisimulia, nami hukirudia kila nikiulizwa swali hili. Kwenye laini ya betri, yaani mstari wa mashine za kuziunda, palikuwa na roboti ya kuokota vipande vya mkeka wa nyuzi za kioo na kuvibandika juu ya pakiti ya betri. Nyuzi zile ni nyororo, hazishikiki, na roboti ikawa inazikosa, laini nzima inasimama. Wakahangaika kuiongezea roboti kasi na kupunguza gundi. Mwishoni ndipo wakauliza huo mkeka ni wa nini. Watu wa betri wakasema ni wa kuzuia kelele. Watu wa kelele wakasema ni wa kuzuia moto. Wakapima sauti ndani ya gari lenye mkeka na lisilo na mkeka, hawakusikia tofauti. Ukaondolewa. Jambo kama hilo huwezi kuliona kwenye mchoro wala kulipangia tarehe. Linajitokeza siku laini inapowashwa, na kwenye gari jipya mambo ya namna hiyo huwa mengi.

Betri ndiyo kikwazo kikubwa kwa magari ya umeme kuliko mengine. Seli, yaani betri ndogo ambazo nyingi zikiunganishwa ndipo hupatikana pakiti ya gari, ikishaundwa haifungwi kwenye gari siku hiyo hiyo. Huchajiwa kwa mara ya kwanza taratibu sana, kisha hulazwa kwa siku kadhaa, pengine wiki, ipimwe kama inavujisha chaji yenyewe. Ikivuja, inatupwa. Kiwanda kipya cha seli hutupa nyingi mno mwanzoni, na kukosea unyevu wa hewa chumbani tu kunatosha kuharibu kazi. Northvolt ya Sweden ilikuwa tumaini la Ulaya kwenye seli, ikiwa na wateja wakubwa na mitaji mizito. Haikuweza kuzalisha kwa kasi iliyoahidi. Mwaka 2024 BMW ikafuta oda yake ya euro bilioni 2, na Machi 2025 Northvolt ikatangaza kufilisika nchini Sweden. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza seli zinatoka wapi kabla ya kuuliza lolote kuhusu gari. Kampuni changa ikinunua seli kutoka kiwanda kilichozoea kazi, nafuu ipo, ingawa seli zikipungua mnunuzi mkubwa ndiye anayehudumiwa kwanza.

Sasa twende kwenye video ya theluji. Ni nzuri, sikatai, lakini inaonyesha hatua ambayo wengi hawaijui. Kuna gari la maonyesho, ambalo kazi yake ni kupendeza jukwaani. Kuna magari ya majaribio, yanayoundwa moja moja kwa mikono, vipande vyake vingi vikiwa vimechongwa na si vya kalibu. Halafu kuna magari ya kabla ya uzalishaji, yanayopita kwenye laini halisi, kwa kalibu halisi, yakiundwa na wafanyakazi wale wale watakaounda lako. Kampuni hupeleka magari ya majaribio sehemu kama Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, kupima betri, breki na vipasha joto kwenye baridi kali. Kwa hiyo video inathibitisha hatua ya pili. Ya tatu sijaiona popote kwenye maelezo yako, tena unasema mashine bado zinafungwa. Kufunga mashine, kuzirekebisha, kuunda magari ya mwanzo, kuyagonga kwenye majaribio ya ajali, kuomba vibali: hayo yote hayaingii kwenye miezi michache iliyobaki, hata kila kitu kikienda sawa.

Dalili nyingine umeiandika mwenyewe bila kuitilia maanani: umbali kwa chaji moja ni "makadirio". Umbali rasmi hutokana na vipimo vinavyotambulika, kama WLTP kule Ulaya au vipimo vya EPA, shirika la mazingira la serikali, nchini Marekani. Vipimo hivyo hufanywa kwa gari linalofanana na litakalouzwa, na bila nyaraka hizo gari haliingii sokoni kihalali. Namba ya makadirio ikibadilika kuwa namba rasmi, hapo mimi huanza kuichukulia tarehe kwa uzito. Kabla ya hapo nahesabu kuwa ni nia njema.

Shemeji naye nimjibu. Ana hoja kwamba kampuni kongwe zina viwanda, zina wauzaji wa vipuri waliozoeana nao, na zina fedha za kuvumilia hasara. Lakini kusema hazichelewi si kweli. Volkswagen ilionyesha ID.3 mwaka 2019. Zilipoanza kukabidhiwa Septemba 2020, programu zake zilikuwa hazijakamilika, na wateja wa mwanzo wakapewa uchaguzi: chukua gari sasa likiwa na pungufu ya huduma mbili, au subiri. Volvo ikasogeza EX90 kutoka 2023 kwenda 2024 kwa sababu ya programu. Porsche Macan ya umeme ikachelewa kwa sababu hiyo hiyo. Toyota, ambayo kwa ubora wa uzalishaji ni mwalimu wa wengi, iliyaita yarudishwe magari yapatayo 2,700 ya umeme ya bZ4X mwezi Juni 2022, muda mfupi baada ya kuanza kuyauza, kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea. Mauzo yakasimama mpaka Oktoba.

Upande wa pili wapo waliotimiza. Chevrolet Bolt iliahidiwa mwisho wa 2016, na Desemba 2016 wateja wakaipokea. Xiaomi, ambayo haikuwahi kuunda gari, ilifungua oda za SU7 tarehe 28 Machi 2024 na mwanzoni mwa Aprili ikaanza kukabidhi. Tofauti yao na kampuni yako haiko kwenye umri. Ni kwamba Xiaomi ilipofungua oda, kiwanda kilikuwa kimeshajengwa na magari yanatoka. Kampuni yako imefungua oda kwanza, kiwanda kinafuata, na amana zenu zinaisaidia kuwaonyesha wawekezaji kwamba soko lipo.

Niongeze neno kuhusu hiyo Bolt, kwa sababu watu huchanganya kuwahi na kuwa zima. Gari lililofika kwa wakati, miaka michache baadaye, 2021, yote yaliyokuwa yameundwa, zaidi ya 140,000, yaliitwa kwa hatari ya betri kushika moto. Kwa hiyo kampuni yako ikisogeza tarehe kwa kuwa imeona kasoro kwenye pakiti ya betri, mimi binafsi nitaishukuru. Kinachonitisha ni tarehe inayosogezwa bila sababu kutajwa, au inayosogezwa wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Kinachonitisha zaidi ni fedha, maana gari linalochelewa hufika, lakini la kampuni iliyofilisika halifiki. Sono Motors ya Ujerumani ililiua gari lake la Sion Februari 2023 likiwa na maelfu ya watu waliokwishalipa amana. Lightyear ya Uholanzi ilianza kuunda gari lake la jua mwisho wa 2022 na Januari 2023 ikasimamisha. Fisker ilionekana imepata dawa: haikujenga kiwanda, iliipa Magna Steyr ya Austria, kampuni yenye uzoefu wa miaka mingi, iiundie gari lake la Ocean. Magari yakatoka kweli. Juni 2024 Fisker ikafilisika, na waliokwisha kukabidhiwa wakabaki wakitafuta vipuri na masasisho ya programu. Kama hisa za kampuni yako zinauzwa sokoni, taarifa zake za robo mwaka ni za wazi. Tafuta kiasi cha fedha taslimu kilichobaki na kiasi kinachoteketea kila robo, kisha gawanya. Ukikuta sentensi inayosema kuna shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na biashara, usisubiri ufafanuzi. Omba amana yako siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye malipo ya pili. Wanakuuzia utulivu wa bei, lakini soma kama mkataba unasema hivyo kwa maneno yasiyopindika. Machi 2022 Rivian, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ilipandisha bei hata kwa waliokwisha kuweka oda, na ilirudi nyuma siku chache baadaye baada ya wateja kuja juu. Cybertruck ya Tesla ilitangazwa Novemba 2019 kwa kuanzia dola 39,900 na kuahidiwa mwisho wa 2021. Ilikuja Novemba 2023, na toleo la chini likatangazwa kwa dola 60,990, nalo likiwa bado la baadaye. Angalau amana yake ilikuwa dola 100 na inarudishwa. Linganisha na Roadster ya pili ya Tesla: ilionyeshwa Novemba 2017, watu wakatoa dola 50,000 na zaidi, gari likaahidiwa 2020. Mwaka 2020 ukapita, 2021 ukapita, 2022 ukapita, hakuna aliyekabidhiwa. Amana ndogo inayorudishwa ni tiketi ya kusubiri. Malipo yasiyorudishwa kwa gari lisilo na cheti ni mkopo usio na riba unaoikopesha kampuni, tena bila dhamana. Mimi nisingetoa.

Waandikie swali kwa barua pepe, si kwa simu, ili ubaki na kumbukumbu. Uliza kama magari yameshaanza kutoka kwenye laini halisi, kama vibali vya soko lako vimepatikana, nani anaunda seli, toleo ulilochagua litaanza kuundwa mwezi gani, na amana yako imewekwa kwenye akaunti ya pekee au imechanganywa na fedha za matumizi. Kampuni iliyo tayari hujibu kwa miezi na majina. Ukipigwa danadana, au ukajibiwa kwa kutumiwa video nyingine, umeshapata jibu.

Uamuzi unaobaki ni wa kukaa au kutoka. Kama amana inarudishwa na ni kiasi usichokihitaji kwa sasa, kukaa hakukugharimu sana, isipokuwa hiyo hatari ya kufilisika. Kama unahitaji gari la umeme mwaka huu kwa sababu zako za kazi au familia, shemeji yuko sahihi kwa njia nyingine: nunua lililopo, linaloonekana na kuendeshwa leo, la kampuni yoyote, hata lililotumika ikiwa afya ya betri imepimwa. Usinunue ahadi ya kampuni kongwe kuchukua nafasi ya ahadi ya kampuni changa.

Mnunuzi wa gari lako mwambie ukweli kwamba hujawa tayari. Akiondoka, atakuja mwingine. Wakati wa kuuza ni pale utakapopewa namba ya chesi ya gari lako lenyewe, zile tarakimu na herufi 17, na kuhakikishiwa kwamba limeshatoka kiwandani, siyo linatarajiwa kutoka. Hata hapo acha nafasi ya wiki kadhaa kwa meli na ukaguzi. Kama unakopa benki, marejesho yaanze gari likikabidhiwa. Na kwa kuwa gari la sasa litakutumikia mwaka mwingine, lipeleke kwa fundi unayemwamini aangalie breki, matairi, mkanda wa injini na mafuta, maana watu wengi huacha kulihudumia gari wanalodhani wanaliaga.

Kuna mahali ambapo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Ukiomba amana ikapita mwezi bila kurudi, au ukikuta kwenye mkataba uliosaini kipengele usichokielewa kuhusu kughairi, chukua nyaraka zote uende kwa wakili au ofisi ya kutetea walaji ana kwa ana. Kama ulilipa kwa kadi, nenda benki mapema uulize kuhusu kupinga malipo, kwa sababu haki hiyo ina ukomo wa siku. Na ukisikia kampuni imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, usikae kusubiri barua. Mfilisi, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyofilisika, huweka tarehe ya mwisho ya kupokea madai, na anayechelewa anaweza kupoteza haki yake. Wakili akusaidie kuwasilisha dai lako likiwa na risiti, namba ya oda na barua zote walizokutumia, pamoja na ile iliyokupa tarehe ya kwanza.